Kigeu Fiche au Kigeu Kilichofichwa?

Katika vyuo vikuu vya Tanzania takwimu hufundishwa kwa Kiingereza, lakini wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wa mwisho huelezana kwa Kiswahili. Humo tumekuta istilahi mbili, 'kigeu kilichofichwa' na 'kigeu kilichokosekana', zikitumiwa kwa dhana moja: kigeu kisichopimika moja kwa moja. Hatuna budi kuzikosoa zote mbili.

Mwaka 1904 Charles Spearman alichunguza alama za wanafunzi katika masomo mbalimbali. Alama hizo zilielekea kupanda na kushuka pamoja, naye akaueleza uhusiano huo kwa uwezo mmoja wa jumla. Alama ni vigeu bayana; uwezo ni kigeu fiche.

'Kilichofichwa' chadai kuwa yupo aliyekificha, na kwamba tukifunua tutakiona. Sivyo: kigeu hiki hukisiwa tu kutokana na vigeu bayana. 'Kilichokosekana' chapotosha zaidi, kwani data iliyokosekana ingaliweza kupimwa, kama alama ya mtahiniwa aliyeugua. Mwanafunzi anayezichanganya dhana hizi ataieleza vibaya modeli nzima, hata kama hesabu zake ni sahihi.

Twapendekeza 'fiche'. Neno hili halimtaji mtenda, wala halibadiliki kwa ngeli: kigeu fiche, vigeu fiche, matabaka fiche. Wafasiri na walimu walijaribu darasani kabla halijasanifishwa. Istilahi bora ni ile inayomwongoza msomaji asikosee.