Nuru isiyobagua: uchungu bila kivuli katika picha za Katanga

Katika mapokeo ya Ulaya, mchoraji anayetaka kumgusa mtazamaji mara nyingi huanza na giza. Caravaggio, alipochora kuitwa kwa Mtakatifu Mathayo huko Roma kati ya 1599 na 1600, aliingiza mwali mmoja kutoka upande wa kulia na kukiacha chumba karibu chote gizani. Mwali huo una upendeleo: sura hii ionekane, ile ipotee. Jicho hufuata mwanga, na moyo hufuata jicho.

Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji wa Katanga, Kongo, ambao leo ni Lubumbashi, alimtia mtazamaji uchungu bila kumficha mtu. Huyu ndiye aliyemchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi hiyo, picha 101, katika miaka ya 1973 na 1974. Turubai zake zilikuwa magunia ya unga.

Chukua picha aliyoirudia mara nyingi, «Colonie belge 1885-1959». Mfungwa amelazwa kifudifudi, askari mweusi anamchapa kiboko, ofisa Mzungu anasimamia huku kiko kikiwa mdomoni. Tafuta jua au taa inayoangaza tukio hilo, huioni. Hakuna pembe yenye giza ambamo ofisa angeweza kujibanza, wala mwali wa huruma unaomwangukia mfungwa peke yake. Anayepiga, anayepigwa na anayeamuru wote wako peupe sawasawa, kama mashahidi walioitwa barazani kwa pamoja. Ndiyo maana picha inauma: hakuna anayeweza kusema hakuona.

Mwanga ukishanyimwa kazi ya kuchagua, rangi ndiyo inayoibeba. Juu ya jengo inapepea bendera ya Ubelgiji: nyeusi, manjano, nyekundu. Sasa shuka chini. Sare za wafungwa zina milia ya manjano na nyeusi, na kwenye mwili wa anayechapwa kuna damu. Rangi zilezile tatu zimetoka kwenye mlingoti zikaingia mwilini mwa mtu. Jicho hulinganisha juu na chini kabla akili haijapata maneno, na hasira huanzia hapo.

Hata alipochora mauaji ya usiku, Tshibumba hakubadili msimamo. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Mpolo na Okito waliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961, na taa za magari ndizo zilizowamulikia wauaji. Mpiga picha wa sinema angezing'ang'ania taa hizo. Tshibumba aliziacha. Aliiweka miili mbele yetu, akasimamisha misalaba mitatu nyuma, na damu ya Lumumba akaifanya iandike ardhini neno la umoja. Kinachosomeka pale ni ushahidi na ibada; hofu ya gizani haikumshughulisha.

Msomaji wa Kamina, mji wa Katanga, anaweza kusema mwanga huu ni wa jua letu tu. Kweli, mji huu uko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari jua la adhuhuri husimama utosini na kivuli hukusanyika chini ya nyayo. Lakini jua halishiki brashi. Mwenze Kibwanga, Mkatanga aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa chini ya anga hilohilo na akachagua njia nyingine kabisa.

Mwenze alitokea kwenye karakana ya uchoraji aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, ambako wanafunzi hawakulazimishwa kunakili picha za Wazungu. Yeye alijaza uso wote wa picha kwa vimistari vifupi, vilivyobanana, vya rangi za udongo. Katika picha zake za mawindo, mwili wa mwindaji na majani nyuma yake vinaweza kuwa na rangi zinazokaribiana sana. Kinachovitenga ni mwelekeo. Vimistari vya mgongo vinakwenda upande mmoja, vya majani upande mwingine, na palipo na mpishano huo jicho huona umbo likiinuka. Picha inatetemeka, kwa sababu jicho halipati mahali pa kupumzika. Wasiwasi wa mawindo umo ndani ya mkono uliochora, si katika sura za watu tu.

Njia zote mbili zina gharama. Nuru isiyobagua ya Tshibumba inafaa kwa mashtaka ya hadhara, ila haimudu vizuri upweke wa mtu mmoja na mawazo yake. Hapo Caravaggio anamshinda. Mtetemo wa Mwenze nao hupunguza tofauti kati ya mtu na pori, jambo linalopendeza katika mawindo na lingedhoofisha kesi ya kiboko. Kwa hiyo kijana anayeanza kuchora asiulize kwanza kivuli kinawekwaje. Aulize picha yake inataka mtazamaji afanye nini: amhurumie mmoja, ayumbe pamoja na wote, au asimame atoe ushahidi. Jibu la swali hilo ndilo litakalomwambia kama anahitaji kivuli.