Barua ya Vijana wa Barbiana

Kitabu tunachotaka kukipima hapa hakikutungwa na mwalimu wala askofu. Kilitungwa na vijana wanane, wana wa watu maskini wa milimani, katika kijiji cha Barbiana karibu na Florence, nchi ya Italia. Kilitoka mwezi wa Mei 1967, jina lake Lettera a una professoressa, maana yake barua kwa mwalimu mmoja wa kike. Sisi tulikisoma kwa Kifaransa, polepole, kamusi mkononi.

Padre Lorenzo Milani alipelekwa Barbiana mwishoni mwa mwaka 1954. Akafungua shule nyumbani mwake kwa watoto ambao shule za serikali ziliwaangusha. Walisoma kutwa nzima, mkubwa akimfundisha mdogo, na gazeti likisomwa pamoja mezani.

Lakini lililotupendeza kupita yote ni namna walivyoiandika barua yenyewe. Kila mmoja alichukua kidaftari mfukoni. Wazo likimjia aliliandika, kila wazo katika karatasi yake. Siku moja wakazimwaga karatasi zote mezani, wakaondoa zilizorudia jambo moja, wakazitenga mafungu, na kila fungu likawa sura. Kisha ikaja kazi ya kufuta. Neno lisilo na kazi lilitoka. Neno gumu lililotiwa kwa majivuno lilitoka pia. Mwisho waliita watu wa nje, hasa wasiosoma sana, wasikilize na kusema ni wapi hawakuelewa. Wasomaji wapenzi, ni insha gani ya watoto wetu iliyopata kuandikwa hivi? Mtoto wetu hunakili ubaoni, naye husifiwa akinakili bila kosa.

Hoja yao kubwa ni lugha. Wamweka mbele yetu Pierino, mwana wa daktari, aliyefika shuleni akijua tayari kusema kama vitabu. Na Gianni, asiyeijua lugha hiyo, akaonekana mjinga. Twawajua wote wawili hapa Baraka. Mtoto wetu ana Kibembe nyumbani, ana Kiswahili sokoni, na akipanda madarasa ya juu huulizwa kwa Kifaransa. Anajua kwa nini wavuvi wa ndagala hutoka na taa usiku wa giza na kukaa nyumbani mwezi ukiwa mpevu. Mwambie aeleze jambo hilo kwa Kifaransa, atatazama miguu yake.

Nasi hatuna haki ya kuwahukumu walimu tu. Mwaka mmoja tulimkataza msichana Komunyo ya kwanza kwa kuwa hakuweza kujibu katekisimu neno kwa neno. Baadaye bibi yake alimwuliza mambo yaleyale kwa Kibembe, mbele yetu, naye akajibu vema kuliko tulivyofundisha. Tulikwisha kuandika orodha, tukaona haya kuibadili. Mwaka uliofuata hakurudi.

Hata hivyo kitabu kina makosa. Kina hasira nyingi, na mwalimu anayeandikiwa hapewi nafasi ya kujibu hata mara moja. Barbiana ilikuwa na watoto wachache na padre asiyekuwa na kazi nyingine kubwa. Katika nchi yetu ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa Septemba 2019, jambo jema, na madarasa yakajaa. Mwalimu wa darasa kama hilo atazipanga karatasi za watoto wote saa ngapi? Tena vijana hawa wajivunia kuwa shule yao haikuwa na mapumziko, hata Jumapili. Hapo twakataa kabisa. Mtoto anayekunja waya pwani kutengeneza gari lenye usukani naye anasoma, na Jumapili ni ya Bwana.

Padre Milani alifariki tarehe 26 Juni 1967, kitabu hakijamaliza miezi miwili. Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda kusali kaburini pake tarehe 20 Juni 2017.

Sisi tulijaribu njia ya karatasi Jumamosi moja, pamoja na vijana wa Kipaimara. Tuliwauliza: kwa nini wenzenu wameacha shule? Tulidhani fungu kubwa litakuwa la fedha, yaani sare, daftari na njaa. Lilikuwako, lakini lilikuwa la pili. Fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la kuchekwa.