Sauti Kwanza, Kiwiko Baadaye

Korogocho, mtaa wa mabanda mashariki mwa Nairobi, hauko mbali na jaa la taka la Dandora. Kwa zaidi ya miaka kumi, akina shosho, yaani mabibi, wa mtaa huo wamekuwa wakikutana kujifunza kujihami. Wapo waliovuka miaka 70, wapo waliovuka 80. Wanakuja na leso zao na miguu inayouma, wanasimama mbele ya mto wa mazoezi, wanaupiga.

Kilichowakusanya ni ubakaji. Wanaume walivunja milango usiku wakiwatafuta wanawake wazee wanaolala peke yao, wengine wakiamini kwamba kwa mwanamke mzee hakuna hatari ya virusi vya UKIMWI. Mlango wa bati haumzuii mtu wa namna hiyo. Jirani aliyesikia kelele anaweza kumzuia, na ndiyo maana somo lenyewe huanzia kooni.

Ufundi wa sauti ndio ninaouhusudu kuliko yote. Mwanamke aliyelelewa kwa kuambiwa asipaaze sauti mbele ya wanaume hawezi kuipata siku ya shida kama hakuwahi kuitumia. Kwa hiyo anafundishwa kusema "Hapana!" kutoka tumboni, huku macho yamemkazia mtu, miguu imeachana, mikono iko mbele ya kifua. Mara ya kwanza sauti hutoka kama ya anayeomba radhi. Mwalimu hodari hamcheki wala hamharakishi. Anamrudisha mwanzo, tena na tena, mpaka neno litoke likiwa amri. Mshambuliaji alitegemea kimya. Akikikosa, hesabu zake zimeharibika, na nyumba ya pili imeshaamka.

Sauti isipotosha, mwili unaingia. Hapa mafunzo ya kweli hujitofautisha na maonyesho ya sinema, kwa sababu hayamwambii shosho arushe teke la kichwani. Anaoneshwa sehemu ambazo hakuna misuli ya kuzilinda: macho, pua, koo, kinena. Anaoneshwa pia silaha alizozaliwa nazo, yaani kitako cha kiganja, kiwiko na goti. Akishikwa kifundo cha mkono, anauzungusha mkono na kuuchomoa upande wa kidole gumba cha aliyemshika, maana hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu. Kisha anakimbia. Kukimbia ni sehemu ya ufundi huu, na mwalimu asiyelisema hilo waziwazi simwamini. Wala ufundi huu hauhitaji mwili mkubwa: Edith Garrud, aliyewafundisha jujitsu wanawake wa London waliodai haki ya kupiga kura mnamo 1913, hakufikia kimo cha futi tano. Mwili mdogo unaojua mahali pa kugusa unatosha.

Mgumu zaidi kumzuia ni mtu unayemjua: shemeji, mpangaji mwenzako, mwanafunzi mnayesoma naye. Mkono husita kwa sababu moyo umesita. Mtafiti Charlene Senn na wenzake walilishughulikia jambo hilo katika vyuo vikuu vitatu vya Kanada, wakachapisha matokeo yao mwaka 2015. Wanafunzi wa kike 893 waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapata mafunzo ya saa 12, jingine likapewa vijitabu tu. Baada ya mwaka mmoja, waliobakwa walikuwa asilimia 5.2 katika kundi la kwanza na asilimia 9.8 katika la pili. Karibu nusu ya madhara hayo iliepukwa kwa saa 12 za mafunzo!

Wapo wanaosema mafunzo haya yanamtwika mwanamke mzigo wa kosa la mwanamume. Nawaelewa, na wana haki ya kuogopa. Kosa ni la mbakaji, leo na siku zote, na aliyeganda kwa hofu akashindwa hata kupiga ukelele hana lawama yoyote. Lakini kumnyima mwanamke ujuzi kwa sababu hapaswi kuuhitaji ni kumwacha peke yake na yule aliyevunja mlango.

Kila kata ina ukumbi unaokaa mtupu mchana, uwe wa kanisa, wa madrasa au wa ofisi ya chifu. Wenye funguo wafungue. Na wewe unayesoma, mtafute mwalimu aliyefunzwa vizuri, kisha mpeleke binti yako, na umpeleke na bibi yako.