Kinjeketile kwa Macho ya Warundi

Tamthilia ya Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein husomeshwa huku kana kwamba ni habari ya jirani tu. La hasha! Wajerumani waliowapiga Wamatumbi mwaka 1905 ndio waliomlazimisha Mwezi Gisabo kuukubali mkataba wa Kiganda mwaka 1903. Uzito wa mchezo umo katika shaka ya Kinjeketile mwenyewe: maji ni kinga, au ni neno la kuwaunganisha watu? Hapo mwandishi amefaulu mno. Lakini wanawake, ambao mwanzoni hulalamikia uhaba wa chakula, wanasukumwa kando vita vikikaribia. Nao Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Njaa hiyo haikupata jukwaa.