Zama, Makazi na Dago: Istilahi za Bonde la Naili la Kale

Msomaji wa Kiswahili atakaye kujua jinsi watu wa kale walivyoishi katika Bonde la Mto Naili hukutana na vizingiti viwili kabla hajafika mtoni. Cha kwanza ni istilahi "Zama za Mawe za Kati". Cha pili ni neno "makazi". Yote mawili ni maneno mema, ila yakipelekwa Naili bila hadhari humpoteza.

Vitabu vyetu vya historia vimezoea kuzigawa Zama za Mawe katika sehemu tatu: za Kale, za Kati na za Mwisho. Mgawanyo huu wafuata ule uliotolewa Afrika Kusini na Goodwin na van Riet Lowe mwaka 1929, na kwa hesabu za sasa Zama za Kati zilianza zaidi ya miaka 250,000 iliyopita. Ulaya ina mgawanyo wake, na sehemu yake ya katikati, yaani Mesolithiki, ni ya juzi tu, baada ya enzi ya barafu kwisha. Mfasiri akilivunja neno hilo la Kigiriki kipande kwa kipande, hupata vilevile "Zama za Mawe za Kati". Hapo ndipo balaa linapoingia. Mwaka 1944 na 1945 A. J. Arkell alichimba penye hospitali ya Khartoum akakuta masalio ya wavuvi: machusa ya mfupa, mifupa ya samaki na ya wanyama wa porini, na vigae vya vyungu vyenye nakshi ya mawimbi. Utamaduni huo huitwa Mesolithiki ya Khartoum, nao hauzidi miaka 10,000 hivi. Tukiuita wa Zama za Mawe za Kati, tumemrudisha mfinyanzi yule nyuma kwa makumi ya maelfu ya miaka, hata wakati ambao haijulikani kuwa palikuwa na chungu popote duniani. Rai yetu ni kwamba "Zama za Mawe za Kati" ibaki kwa maana yake ya Kiafrika peke yake, na "Mesolithiki" iandikwe kwa sauti zake, daima pamoja na jina la mahali. Neno la kukopa lisilodanganya ni bora kuliko la kienyeji lidanganyalo.

Neno "makazi" lina shida nyingine: ni pana mno. Pale Wadi Kubbaniya, karibu na Aswan, watu walipiga kambi kwenye vichuguu vya mchanga karibu miaka 20,000 iliyopita. Mto ulipofurika walivua kambare kwa wingi. Maji yalipopungua walichimba ndago, magugu yale yale ambayo mkulima wetu huyalaani shambani, wakavisaga viazi vyake kwa mawe. Walikuja, wakaondoka, wakarudi. Je, hayo ni makazi? Mwenye kusoma neno hilo huona nyumba na ua.

Lugha yetu imekwisha kulitatua jambo hili, ila si ofisini. Wavuvi wa pwani wana neno "dago", yaani kambi ya muda ya wavuvi walioihama nyumba kufuata samaki. (Lisichanganywe na ndago, japo Kubbaniya vyote viwili vyakutana.) Twapendekeza dago liingizwe katika istilahi za mambo ya kale. Atakayesema kwamba ni neno la watu wachache wa ufukweni, na akumbuke kuwa hata chusa ni neno la mvuvi, na hakuna aliyepata lililo bora kwa zana zile za Khartoum, wala kwa zile za Ishango, mahali Mto Semliki unapotoka ziwani huko Kongo.

Pingamizi lenye uzito ni jingine. Mvuvi wa Pemba aendaye dago ana nyumba aliyoiacha nyuma; mtu wa Kubbaniya pengine hakuwa na nyumba nyingine yoyote. Hili ni kweli, na kamusi haina budi kulieleza. Lakini kiini cha neno ni mahali pa kukaa kwa msimu wa samaki, na hicho ndicho mifupa ya kambare inachokishuhudia.

Khartoum ni tofauti. Arkell alikuta vipande vya udongo vyenye alama za matete, dalili ya vibanda, na watu walizikwa papo hapo. Hapo "makazi" yafaa. Huko Jebel Sahaba, Sudani ya kaskazini, walikofukuliwa watu 61 katika miaka ya 1960, kinachojulikana ni mahali pa maziko tu. Basi paitwe "makaburi". Na neno "vita", ambalo limezoea kuambatana na jina hilo, lipunguzwe: uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha majeraha yaliyopona pamoja na yasiyopona, ishara ya mashambulio ya mara kwa mara, wala si pigano moja. "Mashambulio" latosha.