Yule anayeondoka njo anaandika: kusoma «Arrête avec tes mensonges»

Leo tuongelee kitabu kimoja cha mwandishi Mufaransa, Philippe Besson, kilichotoka mwaka 2017: «Arrête avec tes mensonges». Kwa Kiswahili chetu cha kila siku tungesema «Acha bongo yako». Ni neno lenye mama yake alikuwa anamuambia angali mutoto, juu alipenda kutunga hadithi kuhusu kila mutu aliyepita mbele yake.

Ni hadithi ya mapenzi kati ya vijana wawili wanaume. Najua kuna wenye watataka kuachia hapa. Mungoje kidogo. Siandiki ili kumuomba mutu abadilishe imani yake. Naandika juu ndani ya hiki kitabu kuko swali moja lenye kila mutu aliyetoka kwao kwenda iniversite anapashwa kujiuliza siku moja.

Tuko 1984, mu Barbezieux, muji mudogo wa kusini-magharibi ya Ufaransa. Philippe yuko na miaka 17. Baba yake anaongoza shule, na nyumbani masomo njo sheria ya kwanza. Thomas Andrieu ni mutoto wa mulimaji. Mama yake alitoka Uhispania. Wote wawili wako mwaka wa mwisho, wanangojea bac, sawa vile sisi tulivyongojea Exetat. Philippe anamuangalia Thomas kwa mbali, bila tumaini lolote. Halafu siku moja Thomas mwenyewe njo anamufuata. Anaweka sharti moja tu: mutu yeyote asijue. Ku shule watapitana kama watu wasiojuana.

Philippe hasadiki. Juu ya nini mimi, kati ya wote? Kwangu, jibu la Thomas njo moyo wa kitabu kizima: amemuchagua juu anaona wazi kwamba Philippe ataondoka pale, na wao wengine watabaki.

Tuzingatie vizuri. Hakuna mutu aliyekuwa amemufukuza Philippe. Yeye mwenyewe hakujua bado kama ataenda. Lakini mutoto wa mulimaji alikuwa amekwisha kusoma namna rafiki yake anaongea, vitabu anavyoshika, baba anayemusukuma, na akajua mwisho wa safari mbele ya safari kuanza. Anapenda, na wakati ule ule anahesabu siku.

Wengi wanasoma hiki kitabu kama hadithi ya woga tu. Mimi naona woga hautoshi kueleza. Mwaka 1982, miaka miwili mbele ya hii hadithi, Ufaransa ilifuta sheria iliyokuwa bado inatofautisha watu wa namna hii na wengine kwa upande wa umri. Mwaka 2013 ikaruhusu wafunge ndoa. Sheria mbili zilipita juu ya kichwa cha Thomas, na kinywa chake hakikufunguka. Sheria inabadilika mu Paris kwa siku moja. Shamba linalongojea mikono, baba asiyeulizwa maswali, majirani wanaojua gari ya kila mutu, hivyo havibadiliki kwa kura ya wabunge. Besson anaonyesha hayo bila kuhubiri, na pale njo kitabu kiko na nguvu.

Yaliyofuata ni haya. Philippe anaenda Bordeaux kusoma. Thomas anaenda Uhispania, anaoa, anazaa mutoto, anarudia mashamba. Mwaka 2007 Philippe, sasa mwandishi mwenye jina, anaona mu hoteli ya Bordeaux kijana mwenye sura ya Thomas kabisa, kama miaka haikupita. Ni Lucas, mutoto wake. Mwaka 2016 Lucas anamuletea habari kwamba baba yake amejiua, na barua yenye Thomas aliandika 1984 bila kuituma.

Maandishi ni mepesi: sentensi fupi, kurasa zisizofika 200, maneno yaliyotulia fasi mwandishi mwingine angelia kwa sauti. Mutu anaweza kukimaliza kwa siku moja.

Lakini sifa peke yake si uhakiki. Kuna mambo mawili yananisumbua. La kwanza, ile kukutana mu hoteli imekuja kwa urahisi sana, na mwandishi anajua: jina la kitabu lenyewe linatuonya kwamba huyu mutu anapenda kutunga. La pili ni zito zaidi. Thomas karibu haongei. Tunamujua kwa macho ya Philippe, kwa hamu ya Philippe, kwa majuto ya Philippe. Anapopata mwishowe kusema kwa kinywa chake, ni barua fupi, na tayari amekufa. Na bibi yake je? Mwanamuke aliyeishi miaka mingi kando ya mutu ambaye moyo wake haukuwa pale, naye aliibiwa maisha. Kitabu kinapita mbele yake haraka haraka. Filamu yenye Olivier Peyon alitoa mu hiki kitabu ilimupa Lucas nafasi kubwa zaidi, na nadhani ilikuwa inajaribu kuziba lile tundu.

Nilikasirikia hiyo kasoro kwa siku kazaa. Halafu nikaona kwamba inasema ukweli wenye mwandishi hakukusudia pengine. Yule anayeondoka njo anashika kalamu. Yule anayebaki anaandikwa. Hata kumulilia, tunamulilia kwa maneno yetu, si kwa maneno yake.

Miye niko na rafiki wa sekondari. Tulikaa benchi moja miaka minne, na kwa hesabu alinipita. Mimi nilienda, yeye akabaki kuuzisha ku soko, juu baba yake alikuwa ameanguka mugonjwa. Tuko umri mumoja, lakini siku hizi nikirudi ananiita «mukubwa». Kila mara nacheka, napita, naenda kuandika mambo mazuri kuhusu «vijana wa kwetu». Sikumuuliza hata siku moja yeye angeandika nini.

Kwa hiyo kisomeni, hata kama mapenzi ya aina hii si hadithi yako. Ukifika ku ile barua ya mwisho, utauma midomo. Lakini usiishie pale. Rudia ile siku ya 1984 Thomas aliposema nani ataondoka na nani atabaki, halafu ujiulize: mimi nilipoondoka, ni nani aliyejua mbele yangu kwamba nitaondoka, akanyamaza?