Furu ya udongo: baba wawili, mama hana jina

Kila mara desturi za Kasongo na Kabambare zinapoandikwa, furu ya udongo inapewa mmoja wa baba wawili. Wengine wanasema ni Waungwana waliileta, wengine wanasema ni Wazungu. Sisi tunaona hoja zote mbili zinasimama juu ya majina tu. Ni kweli, tanuru ni neno la Kiarabu, na furu limetoka kwa Kifaransa. Lakini jina linatuambia neno limepita wapi, halituambii nani alikanyaga potopoto.

Tuchukue kitabu cha Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa na jeshi la Dhanis wakati Kasongo ilipoanguka, mwezi wa nne 1893. Kitabu kilitoka 1897. Kinasifu vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, maghala ya mchele na mahindi, michungwa, mananasi. Macho mazuri, hatubishi. Ila ni macho ya mtu anayehesabu mali ya nyumba iliyotekwa. Na sisi, wajukuu, tunarudilia sifa hizo kwa furaha, tukisahau kwamba katika nyumba zile kutwanga na kupika kulikuwa kazi ya watumwa, wengi wao watu waliotekwa huku huku kwetu. Ustaarabu wa jikoni tunaojivunia ulikuwa mikononi mwao.

Tena mkate haukungojea furu. Unga ya mchele katika sufuria, makala chini, makala juu ya kifuniko: kupalia moto namna hiyo ni furu tayari.

Na furu yenyewe? Udongo wa kichuguu, mchanga, majani makavu yaliyokatwa-katwa. Chini ya sakafu wanapanga chupa tupu ndani ya mchanga, joto lisinywewe na ardhi. Kuba inajengwa juu ya chungu ya mchanga wenye maji, kisha mchanga unatolewa. Mlango ndio akili yote: uwe karibu theluthi mbili za urefu wa kuba kwa ndani. Kuba ya sentimeta 50, mlango 32 hivi. Ukizidi, joto linakimbia; ukipungua, moto unakosa hewa, moshi unamlilisha mama bure. Kukauka ni siku nyingi, na moto wa kwanza uwe mdogo. Wanaopaka simenti ili ipendeze wanajidanganya, maana simenti na udongo havitanuki sawasawa, na ile nyufa itakuja tu.

Hesabu hiyo ya mlango hatukuikuta katika kitabu cha shule hata kimoja. Bamama wanaipima kwa kiganja.

Miaka ya 2010 wanaakiolojia walichimba Tongoni, pale Kasongo ya zamani. Wakirudi, tungewaomba waanzie uani, kwenye majivu, kabla ya sebule ya mabwana. Na wakati wa kuuliza wenyeji, wasiite wazee wanaume peke yao.